Maneno manne ya shindano la tahajia ya Kiingereza: yana maana gani, na nani aliyatunga?

Mama Vitenge, Nyakato

Ndugu zangu wa jukwaa hili, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Binti yangu anasoma kidato cha pili hapa Mwanza. Wiki iliyopita alirudi nyumbani na karatasi aliyoinakili kutoka ubaoni, yenye maneno manne ya Kiingereza ambayo wanafunzi wametakiwa kuyakariri herufi kwa herufi kwa ajili ya shindano la tahajia la mwisho wa muhula. Maneno yenyewe ni haya: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, floccinaucinihilipilification, antidisestablishmentarianism na honorificabilitudinitatibus. Mawili ameshayashika na huyaimba akiosha vyombo, lakini nilipomuuliza maana yake alinijibu kwamba maana haitaulizwa.

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Mimi ni muuza vitenge pale Makoroboi, Kiingereza changu ni cha kuelewana na wateja wanaotoka Uganda na Kenya, na kamusi ndogo tuliyo nayo nyumbani haina hata moja kati ya maneno hayo. Ningependa kujua kama ni maneno ambayo Waingereza wenyewe huyatumia au ni michezo ya watu wenye nafasi, yalitungwa na nani, na kwa nini lugha ambayo maneno yake ya kila siku ni mafupi kama dog, fish na rain ikawa na mengine yanayojaza mstari mzima wa daftari. Binti ameongeza na la kwake: anasema Kiswahili ni lugha ya maneno mafupi, na ndiyo maana masomo ya sayansi yanafundishwa kwa Kiingereza. Sikuwa na la kumjibu, na sikupenda kunyamaza.

Mabondo, Mwaloni Kirumba

Dada yangu, nimenunua na kuuza mabondo ya sangara kwa miaka mingi, nimekaa mezani na wanunuzi wa kila taifa, kila mmoja na Kiingereza chake, na sijasikia hata siku moja mtu akitamka neno lolote kati ya hayo. Mwache mtoto akariri, achukue zawadi yake, kisha ayasahau kama sisi tulivyoyasahau mengi ya shuleni.

Mzee wa Kagunguli, Ukerewe

Marahaba, Mama Vitenge. Nimesoma swali lako mara mbili, na nimefurahi kumpata mzazi anayeuliza maana kabla ya alama. Mimi nilipita seminari zamani, wakati Kilatini kilipokuwa somo la kwanza asubuhi na adhabu yake ilikuwa ya papo hapo, kwa hiyo niachie mawili kati ya manne, kwa maana hayo mawili ukiyavua koti la Kiingereza unamkuta Mrumi ndani.

Nianze na floccinaucinihilipilification, lenye herufi 29. Mlatini aliyetaka kusema kwamba kitu fulani hakina thamani alisema anakithamini kwa kiasi cha flocci, yaani kinyuzi cha sufu. Au cha nauci, kitu duni mfano wa ganda la kokwa. Au cha nihili, yaani bure kabisa. Au cha pili, ambayo hapa haina uhusiano wowote na mbili yetu, bali ni unywele mmoja. Sarufi ya Kilatini iliyotumiwa katika shule ya Eton kule Uingereza iliyapanga maneno hayo pamoja chini ya kanuni moja, na wavulana wakayakariri kwa mfuatano huohuo. Yeyote aliyewahi kukariri kanuni kwa kuogopa fimbo anajua jinsi maneno yake yanavyogandana kichwani mpaka huwezi kulitamka la kwanza bila la mwisho kutoka lenyewe. Basi watani wakayaunganisha yote manne, wakapachika mkiani kiishio -fication, ambacho asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufanya, na wakapata neno linalomaanisha tendo la kukihesabu kitu kuwa si kitu. Mshairi William Shenstone alilitumia katika barua ya mwaka 1741 alipokuwa akimsifu mtu kwa namna alivyoidharau fedha. Kwa hiyo ni utani, lakini ni utani wa watu waliosoma, na una umri wa karibu miaka 300. Sisi tunasema fulani si lolote si chochote, na ukitazama vizuri utaona ni mbinu ileile ya kuurundika ubure juu ya ubure, ila hatukuona haja ya kuondoa nafasi kati ya maneno.

La pili, honorificabilitudinitatibus, lina herufi 27, na hili nalipenda kwa sababu ya pekee nitakayoieleza. Asili yake ni Kilatini cha zama za kati. Honor ni heshima. Honorificabilis ni mtu anayestahili kupewa heshima. Honorificabilitudinitas ni hali ya kustahili huko. Na -ibus ni mkia tu wa wingi, unaobadilika kufuatana na nafasi ya neno katika sentensi. Watu wengi hudhani lilibuniwa na Shakespeare, kwa kuwa linapatikana katika tamthilia yake ya Love's Labour's Lost, ambamo mshamba mmoja aitwaye Costard anamtania kijana mdogo wa kazi kwamba ajabu ni bwana wake kutomla kama neno, maana hana hata urefu wa honorificabilitudinitatibus. Onyesho lenyewe linawacheka walimu wanaoongea kwa maneno makubwa, jambo ambalo mwalimu aliyeliandika ubaoni huenda hakuambiwa. Hata hivyo Shakespeare alizaliwa mwaka 1564, ilhali Dante, mshairi wa Italia aliyefariki mwaka 1321, alikwishalitaja neno hilo kama mfano wa neno linaloupita urefu wa mshororo wa shairi, kwa sababu mshororo wao una silabi 11 na neno lina 13.

Hapo ndipo penye utamu kwa Mswahili. Litazame tena: herufi ya kwanza ni konsonanti, ya pili irabu, ya tatu konsonanti, ya nne irabu, na mwendo huo haukatiki hadi herufi ya mwisho. Ho-no-ri-fi-ka-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bus. Hizo ni silabi zetu. Mwingereza hujikwaa nalo, na binti yako atalisoma kama anayesoma barua ya shangazi yake. Nililijaribu hata katika shairi: mshororo wetu wa mizani 16 ungelibeba bila shida, isipokuwa lingevuka kituo cha kati baina ya ukwapi na utao, na hilo ni kosa ambalo waliotufunza utunzi wasingelisamehe.

Nitaje na kioja kimoja kabla sijaondoka. Kuna watu walioamini kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na Francis Bacon, mwanafalsafa wa zama zilezile, na mwaka 1910 mmoja wao alichapisha kitabu akidai kwamba herufi za neno hili zikipangwa upya zinatoa sentensi ya Kilatini isemayo kwamba tamthilia hizi ni watoto wa Bacon waliohifadhiwa kwa ajili ya ulimwengu. Herufi kweli zinapangika hivyo. Lakini neno lilikuwapo zaidi ya miaka 200 kabla ya hao mabwana wawili kuzaliwa, kwa hiyo siri hiyo ingebidi iwe imefichwa na mtu asiyewajua.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo Mzee, na asante kwa darasa. Mama Vitenge, naomba nilichukue lile refu kuliko yote, kwa kuwa linajifanya la hospitali.

Pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis lina herufi 45, nalo linafunguka hivi: pneumono ni pafu kwa Kigiriki; ultra ni kupita au kuzidi, kwa Kilatini; microscopic ni kitu kidogo kisichoonekana bila hadubini, nalo ni la Kigiriki; silico ni la silika, madini yaliyo kwenye mchanga na kwenye mawe magumu meupe; volcano limetokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi; koni ni vumbi kwa Kigiriki; na -osis ni kiishio cha Kigiriki kinachotaja hali au ugonjwa. Kwa jumla ni ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na kuvuta vumbi laini mno la silika litokalo kwenye volkano.

Sasa mtunzi. Huyu anajulikana kwa jina na kwa mwaka: ni Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno cha Marekani, National Puzzlers' League. Alilitoa katika mkutano wa chama hicho jijini New York mwaka 1935, na gazeti la New York Herald Tribune likaliandika mwezi Februari mwaka huohuo kama neno refu kuliko yote ya Kiingereza. Hakuwa daktari wala hakuwa na mgonjwa. Kamusi kubwa ya Oxford imelipokea, lakini inaeleza bila kificho kwamba ni neno la kubuniwa kwa kuiga maneno marefu ya kitabibu.

Ila msilitupe lote. Ukiondoa vya katikati, yaani ultra, microscopic, silico na volcano, unabaki na pneumonoconiosis, na hilo ni neno halali lililotungwa na daktari Mjerumani, Zenker, mwaka 1867, kwa ajili ya magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi. Leo tunaliandika kwa kifupi kidogo, pneumoconiosis. Bwana Smith alifanya kama mpishi wa sambusa: manda alikuta imeshasukumwa, yeye akaongeza nyama mpaka ikakaribia kupasuka. Ugonjwa wa vumbi la silika wenyewe tunauita silicosis, herufi tisa, na katika miaka yangu yote wodini sijaona faili lililoandikwa lile la herufi 45.

Kuhusu swali la kwa nini maneno haya yapo, kwa upande wetu sababu ni ya kazi. Kichocho, ambacho kila mtoto aliyeogelea ziwani amewahi kuonywa nacho, vitabuni ni schistosomiasis: schistos ni kilichopasuka, soma ni mwili, na -iasis ni ugonjwa, kwa kuwa mdudu dume ana mfereji mwilini unaoonekana kama mpasuko, na humo ndimo anamobeba jike. Wengine huuita bilharzia, kwa jina la Theodor Bilharz, Mjerumani aliyemgundua mdudu huyo mjini Cairo mwaka 1851. Malale ni trypanosomiasis, yaani ugonjwa wa mwenye mwili wa keekee, kwa jinsi kijidudu chake kinavyojizungusha. Maneno yote mawili yana herufi 15, na hakuna mtu wa kada yetu anayeyaona kuwa marefu, kwa sababu hatuyasomi kama herufi. Tunayasoma kama vipande. Daktari wa Mwanza akiandika schistosomiasis, mwenzake wa Havana au Beijing anaelewa bila mkalimani, jambo ambalo kichocho hakiwezi kulifanya, hata kama ni neno zuri zaidi.

Kama binti anataka neno refu ambalo kweli lipo vitabuni, mpe pseudopseudohypoparathyroidism, herufi 30. Shingoni tuna tezi ya thairoidi, na jina hilo limetokana na ngao kwa Kigiriki. Kando yake, yaani para, kuna tezi ndogo nne zinazosimamia kalisiamu ya damu. Zikifanya kazi chini ya kiwango tunaweka hypo. Mwaka 1942 daktari Fuller Albright wa Marekani na wenzake walieleza wagonjwa wenye dalili za upungufu huo ingawa tezi zenyewe zilikuwa nzima, wakauita wa uongo, pseudo. Miaka kumi baadaye wakakuta watu wenye maumbile kama ya wagonjwa hao wa uongo lakini damu yao haina kasoro, wakalazimika kuongeza pseudo ya pili. Uongo wa uongo! Wanafunzi huliona ni mzaha, lakini kila kipande kimewekwa pale kwa sababu.

Mchimbaji Mstaafu, Geita

Nimesoma maelezo ya dada muuguzi kwa makini kuliko nilivyotarajia. Nimechimba dhahabu katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, ya Geita kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nilikuwa mponda mawe, kwanza kwa nyundo na baadaye kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Jiwe linalobeba dhahabu mara nyingi ni lile jeupe gumu, na ukilisaga linatoa vumbi la aina mbili. Kuna linaloonekana, linalokujaa kwenye nywele na kope, ambalo jioni unalioga likaisha. Kuna lile ambalo hulioni kabisa, na hilo ndilo linaloteremka hadi mwisho wa mapafu na kubaki humo.

Mdogo wangu alikohoa kwa miaka, akapewa dawa za kifua kikuu zaidi ya mara moja, na jina la ugonjwa wa vumbi tulilisikia wakati tayari alikuwa hawezi kupanda kilima cha nyumbani bila kupumzika njiani. Ndiyo maana kipande kile cha ultra na microscopic hakinichekeshi. Huyo bwana wa New York aliyekuwa akicheza na maneno aliusema ukweli mmoja bila kukusudia, kwamba kiuacho ni kile kidogo kisichoonekana. Mama, mwambie binti kwamba hapa kwetu Kanda ya Ziwa kuna watu wanaoujua ugonjwa huo bila kuweza kulisoma jina lake, na waliobaki kazini wamwagie mawe maji kabla ya kuyasaga, kwani vumbi lililolowa haliruki.

Muuguzi wa Zamu

Pole sana kaka yangu, na pole kwa mdogo wako. Uliyoyaeleza ni sahihi kitabibu pia: mapafu yenye kovu la silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo yale mawili hufuatana na huchanganywa, na kovu lenyewe halina dawa ya kuliondoa. Mchimbaji anayekohoa amweleze daktari kazi yake hata kama hajaulizwa.

Mwalimu wa Sarufi, Igoma

Limebaki moja, na limebaki pia dai la binti kuhusu Kiswahili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi.

Antidisestablishmentarianism lina herufi 28, na moyo wake ni establish, yaani kusimamisha kitu kikawa imara. Limetoka kwenye Kilatini stabilis, imara, likapitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia Kiingereza. Nchini Uingereza, Kanisa la Anglikana ni kanisa rasmi la dola: mfalme ndiye gavana wake mkuu, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi. Hali hiyo huitwa establishment. Katika karne ya 19 walitokea watu waliotaka fungamano hilo livunjwe, nayo ikaitwa disestablishment. Mahali palipowaka zaidi ni Ireland, ambako wananchi wengi walikuwa Wakatoliki na bado kanisa la dola lilikuwa la Kianglikana; chini ya waziri mkuu Gladstone bunge lilipitisha sheria mwaka 1869, na fungamano likakatwa rasmi mwaka 1871. Wales ilifuata mwaka 1920. Sasa wale waliopinga kuvunjwa huko wanapewa anti- mbele, -arian kwa kuwataja kama wafuasi, na -ism kwa kuitaja itikadi yao. Huko England kwenyewe hao ndio walioshinda, maana kanisa ni la dola hadi leo. Kwetu, ambako tumelelewa na usemi kwamba serikali haina dini, hata Mwanglikana anayesali hapa mjini katika Dayosisi ya Victoria Nyanza ingembidi aelezwe polepole ni kitu gani kilichokuwa kikigombewa. Hoja ilikuwa ya kweli kabisa, ingawa leo karibu kila anayelitaja neno hilo hulitaja kwa ajili ya urefu wake.

Mama Vitenge aliuliza kwa nini dog, fish na rain ni mafupi. Hayo ni maneno ya Kiingereza cha kale, yaliyozungumzwa na wakulima na wavuvi wa kisiwa kile kabla ya Wanormani kuvamia mwaka 1066 na kuleta Kifaransa chao kwenye mahakama na kasri. Kilatini kilikuwa cha kanisa, na kuanzia karne ya 16 wasomi walianza kuchota Kilatini na Kigiriki kwa ndoo kila walipohitaji jina la kitu kipya. Kwa hiyo Kiingereza kina ghorofa: chini kuna maneno ya shamba na jikoni, juu kuna ya kanisa, sheria na maabara, na ya juu ndiyo marefu. Ajabu ni kwamba hata ya chini yanaweza kumchosha Mswahili, kwa maana strengths lina herufi tisa na silabi moja tu, na konsonanti zake zimesongamana kama abiria wa daladala ya jioni. Nimeona wanafunzi waliolimudu honorificabilitudinitatibus kwa siku moja wakishindwa kutamka strengths mwaka mzima.

Sasa Kiswahili. Mwandikie binti neno hili: tusingalipatanishwa. Tu- ni sisi. -Si- ni kanushi. -Ngali- ni sharti la jambo lililopita ambalo halikutokea. Pat- ni mzizi. -An- inaleta kutendeana. -Ish- inaleta mtu wa tatu aliyesababisha. -W- inatufanya sisi kuwa waliotendewa. Na -a inafunga. Mwingereza anahitaji maneno sita kusema hivyo. Mtoto amekuwa akijenga maneno ya namna hiyo tangu akiwa na miaka mitatu, na hakuna aliyempa zawadi. Tofauti ni kwamba Kiingereza hurundika vipande kwenye nomino na hasa vipande vya kuazima, ilhali sisi tunavirundika kwenye kitenzi, na vipande vyenyewe ni vya nyumbani. Kamusi zetu huingiza shina tu, patanisha, na kumwachia msemaji yaliyobaki, na hiyo ndiyo sababu kamusi inaonekana kuwa ya maneno mafupi.

Nomino nazo tunazijenga. Chukua ubinafsishaji. Ndani kabisa kuna nafsi, neno la Kiarabu. Mbele yake bi-, kiambishi cha Kiarabu. Kisha Kibantu kikaja na -isha, na -ji, na u- ya kuanzia. Mambo hayo ndiyo yaleyale yaliyofanyika kwenye establishment, Kilatini kikipita Ufaransa na kuvishwa viambishi njiani. Na kama binti anasoma biolojia, anajua photosynthesis. Phos ni nuru kwa Kigiriki, synthesis ni kuweka pamoja. Kwa Kiswahili ni usanisinuru, ambalo lina vipande vilevile viwili, sanisi na nuru, na linaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kuona darasa la Kigiriki. Neno la kitaalamu lipo. Kinachokosekana ni kitabu cha kidato cha pili kinachomwonyesha.

Mabondo, Mwaloni Kirumba

Nimerudi, na nakiri nilikuwa na haraka. Naomba kuuliza nami: kuna kijana alituambia hapa sokoni kwamba hata hofu ya maneno marefu ina neno lake refu, na kwamba ndani yake kuna kiboko. Alikuwa anatutania?

Mzee wa Kagunguli, Ukerewe

Hakuwatania, ila aliyelitunga neno ndiye aliyetania. Huandikwa hippopotomonstrosesquippedaliophobia. Kiini chake ni sesquipedalis, lenye maana ya futi moja na nusu, kwa kuwa mshairi Horasi wa Roma aliwacheka waandishi wanaotumia maneno ya urefu huo. Phobos ni hofu. Hayo yangetosha, lakini mtunzi alitaka mwenye hofu aumie zaidi, akatia monstrum, yaani jitu la kutisha, na mbele akamweka hippopotamus, ambaye kwa Kigiriki ni farasi wa mtoni. Mtu aliyewahi kuvua usiku karibu na matete ya Ukerewe angewaambia Wagiriki kwamba yule si farasi. Kiswahili chetu ni cha haki zaidi hapo: kiboko ni mnyama, kiboko ni mjeledi unaokatwa kwenye ngozi yake, na kiboko ni mtu aliyewashinda wenzake.

Mama Vitenge, Nyakato

Sijui niwashukuru vipi. Jana usiku nilimsomea binti majibu yenu yote, na nilipofika kwa mchimbaji alininyang'anya simu akasoma mwenyewe. Baadaye alichukua penseli akayakata maneno yote manne kwa mistari. Lile la herufi 45 limetoka vipande saba, na anasema sasa halikariri tena, analitafsiri, ni rahisi zaidi. Amegundua pia kwamba kwenye karatasi yake aliruka kipande kizima katika floccinaucinihilipilification. Alikuwa na nauci lakini hana nihili, na alilijua kosa kwa sababu hesabu ya vitu vya bure ilipungua kutoka vinne hadi vitatu.

Ana maswali mawili ya mwisho. Rafiki yake amemwambia kuna neno la Kiingereza lenye herufi 189,819. Je, ni kweli? Na anauliza kwa nini volcano imo kwenye jina la ugonjwa ambao watu wa Geita wanaupata, wakati Geita haina volkano.

Muuguzi wa Zamu

La kwanza ni langu. Idadi hiyo inatajwa kwa jina la kikemia la titini, protini kubwa iliyo kwenye misuli yetu. Kanuni za kikemia huruhusu kuitaja protini kwa kutaja amino asidi zake zote, yaani vipande vinavyoijenga, moja baada ya nyingine, na titini ina zaidi ya 30,000. Hiyo ni orodha, si neno. Ni kama kuita majina ya wanafunzi wa shule nzima kwa pumzi moja na kudai kwamba ni jina la shule. Hakuna kamusi iliyolipokea, na wataalamu wenyewe husema titini.

Mchimbaji Mstaafu, Geita

La pili nitalijibu mimi, kwa kuwa niliwahi kubeba sampuli za mawe za wanajiolojia na nilikuwa msumbufu wa maswali. Vumbi linalotuumiza ni la jiwe jeupe nililolitaja, na hilo halikutoka kwenye volkano. Lilijijenga kwenye nyufa za miamba, pale maji ya moto kutoka chini yalipopita na kuacha madini yake. Kwa hiyo neno volcano si la lazima kwenye ugonjwa huu, na Bwana Smith alilitia kwa kutafuta urefu. Lakini binti asiseme kwamba Geita haikuwahi kuwa na volkano. Miamba mingi ya kijani iliyoshika hilo jiwe jeupe ilitoka kwenye volkano zilizolipuka zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, muda mrefu kabla ziwa halijakuwapo. Mawe makubwa ya Mwanza mjini, pamoja na lile la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni, ni ya aina nyingine. Hayo ni matale (granite), yaliyopoa polepole chini ya ardhi bila kufika juu kama lava. Akipita Kamanga na kivuko kuja huku, atazame mawe ya pande zote mbili za maji.